Dada Mkubwa wa Miezi Minane

Asubuhi ya Siku ya Jua, Eulalia, msichana wa miaka kumi na miwili na miezi minane, alioga, akachana nywele, akavaa gauni lake la Jumapili, kisha akaenda kumwamkia dada yake mkubwa, ambaye alikuwa na umri wa miezi minane kamili.

"Usikimbie ukumbini," alisema Mama Skolastika Kikoti, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake.

"Sikimbii, Bibi. Ninatembea upesi."

"Miguu yote miwili ilikuwa hewani kwa wakati mmoja. Huko ndiko kukimbia. Rudi mlangoni, uingie upya kama mtu aliyelelewa."

Eulalia alirudi mlangoni, akaingia upya kwa mwendo wa askofu, na Mama Skolastika, mlezi mkuu wa Nyumba ya Utulivu kwa miaka ishirini na mitatu, akainamisha kichwa ili tabasamu lake lisionekane. Hakupenda watoto wajue jinsi ilivyo rahisi kumchekesha.

Ukumbi ule ulikuwa mrefu, na madirisha yake yalitazama bonde la Ruaha Mdogo, chini ya mji wa Iringa. Ndani yake zilipangwa susu arobaini na moja za kioo, na katika kila susu alilala mtoto mchanga mmoja. Pembeni mwa kila kioo palikuwa na kitone cha taa ya kijani, kilichowaka kila moyo wa mtoto ulipopiga. Kiliwaka mara moja, kikazimika, na mtu aliweza kusali Baba Yetu na Salamu Maria kwa makini, akaanza na Nasadiki, kabla hakijawaka tena.

Eulalia alisimama mbele ya susu namba saba. Mle ndani alilala Leokadia, ngumi moja ikiwa karibu na sikio, vilevile kama mwaka uliopita, na kama mwaka ule mwingine, wakati Eulalia alipokuwa bado akilazimika kupanda juu ya kigoda ili amwone.

Walikuwa mapacha. Leokadia alizaliwa tarehe tisa ya Desemba, dakika chache kabla ya siku kwisha. Eulalia alizaliwa tarehe kumi, dakika chache baada ya siku kuanza. Mama yao hakuishi kuwaona. Mama Skolastika, kwa desturi ya nyumba ile, alifungua kalenda ya watakatifu akampa kila mmoja jina la siku yake. Walipofikisha miezi minane walipelekwa wote kulazwa, wangojee wazazi kutoka nchi za nje. Lakini daktari alisikia tundu dogo katika moyo wa Eulalia, na susu haimpokei mtoto mwenye moyo wa namna hiyo. Tundu lile lilishonwa alipokuwa na miaka mitatu. Wakati huo alikuwa amekwisha kujua kukataa uji, kuficha viatu vya wageni na kuuliza kwa nini, na watu wa mbali walioomba mtoto mchanga hawakumtaka. Akabaki jikoni na bustanini, akamwita Mama Skolastika Bibi, akarefuka.

"Bibi, mwaka huu nimpigie goti?"

"Dada yako ni mkubwa kwako kwa dakika kumi na moja. Heshima haipimwi kwa rula."

* * *

"Hodi! Hodi katika nyumba ya mateka wa babu yangu!"

Aliyeingia alikuwa Fidelis Mbano, fundi wa susu, Mngoni wa Songea, mtu mnene mwenye sauti ya kuongozea kwaya. Ufunguo wa shaba ulining'inia shingoni mwake kwa kamba nyeusi.

"Karibu, mkimbizi," alijibu Mama Skolastika. "Hivi bado hamjapumzika tangu mlipotoka kusini mkitimka? Hata viatu hamkukumbuka kuvaa."

"Tuliviacha ili tuwapige teke Wahehe kwa visigino vitupu. Ninyi ndio mliojificha mapangoni."

"Tulikuwa tunawacheka, ndiyo maana hamkutuona. Kicheko kinataka mahali penye mwangwi."

Eulalia alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa ameyasikia matusi haya tangu utotoni, na alijua sheria zake. Mababu wa hawa wawili walipigana vita vikali. Wajukuu wakaachiwa utani. Mtani ana ruhusa ya kumtukana mtani wake hadharani, na ana ruhusa ya kuchukua kitu chake na kukishikilia mpaka kikombolewe. Mwenye kitu akikasirika, ndiye anayeaibika. Mwaka juzi Mzee Mbano aliondoka na mwavuli mpya wa Mama Skolastika, wenye maua, akatembea nao mjini kote, akaurudisha baada ya kupelekewa mkungu wa ndizi.

Lakini siku ile, baada ya salamu, Mbano hakukaa. Alitoa bahasha kutoka mfuko wa ndani wa koti, akaiweka juu ya daftari.

"Soma baadaye," alisema. "Kwanza tumwamshe mtoto."

Aliingiza ufunguo, akauzungusha. Kioo kilifunguka kwa mvumo mdogo, ikatoka harufu ya baridi kama ya chumba cha kuhifadhia maziwa. Kitone cha kijani kiliwaka, kikawaka tena, kisha kikaanza kukimbia. Mashavu ya mtoto yaligeuka rangi kidogokidogo. Leokadia alikunja uso, akafungua macho, akapiga chafya kubwa kupita mwili wake.

Eulalia alipiga goti. "Shikamoo, dada."

Leokadia alipiga chafya ya pili.

"Ameitikia!"

"Amepiga chafya," alisema Mbano.

"Kwa umri wake, hiyo ndiyo marahaba," alisema Mama Skolastika. "Mfunge mgongoni, umtoe juani. Una saa moja. Wala usimpe kitu mdomoni."

Hiyo ilikuwa kanuni ya kwanza ya nyumba ile, na sababu yake ilikuwa wazi. Mtoto hulazwa baada ya mwili wake kusafishwa kwa majuma sita na kuzoeshwa dawa. Tangu hapo halishwi, maana akilazwa na chakula tumboni, dawa huwa sumu. Mara moja kwa mwaka, katika Siku yake ya Jua, huamshwa saa nzima ili mifupa ionje uzito na macho yaonje jua. Akionja chakula, basi. Hawezi kulazwa tena mpaka asafishwe upya, na sheria iliruhusu mtoto asafishwe mara moja tu katika maisha yake.

* * *

Mama Skolastika alisoma barua akiwa amesimama, kama alivyofundishwa kupokea habari. Ilitoka Ofisi ya Foleni, Dodoma. Muda wa kungojea malezi ya nchi za nje, uliokuwa miaka kumi na miwili, sasa utakuwa miaka kumi na tisa. Watoto waliokwisha kulazwa wataendelea kulala. Mlezi atatia sahihi baada ya kila Siku ya Jua. Mlezi akikataa, fundi atafunga susu kwa amri ya barua hii.

"Kumi na tisa," alisema.

"Ndiyo, Mama." Mbano alikuwa ameacha utani.

"Nilipoanza kazi hapa ilikuwa miaka miwili, nasi tulilalamika. Ikawa minne. Watoto walikuwa wakikua kabla ya karatasi kurudi, na walioomba mtoto mchanga wakawakataa. Ndipo mkatuletea susu hizi. Mlisema ni za miezi sita."

"Nilisema mimi mwenyewe, kwa mdomo huu." Fundi alivua kofia. "Mama, mwezi uliopita nilikaa wiki nzima katika ofisi ile, nikitengeneza mtambo wa hewa. Nikaona wanavyofanya kazi. Jalada la mtoto anayekua lina utepe mwekundu. Karani akiliona, anaruka kitini. Jalada la mtoto aliyelala halina utepe. Wanaliweka chini, kisha chini yake, kisha kabatini. Sio watu wabaya. Wananiambia, fundi, huyu ana haraka gani? Haharibiki."

"Haharibiki," alirudia Mama Skolastika, kama mtu aliyetafuna wali wenye jiwe.

Alifunua daftari. Chini ya namba saba zilikuwapo sahihi zake kumi na mbili: moja ya kulaza, na kumi na moja za kurudisha. Mwandiko ulikuwa mzuri, umelala upande mmoja, bila doa. Alikuwa akijivunia mwandiko huo. Sasa aliutazama kwa muda mrefu. Watoto walizuiwa wasikue ili foleni isiwadhuru, na foleni, ilipoona hakuna anayedhurika, ilijinyoosha ikalala nao.

Nje kwenye ngazi za mawe Eulalia alikuwa akicheza kwa kurukaruka, na kichwa cha dada yake mkubwa kilidundadunda mgongoni pake. Mfanyabiashara wa mboga aliyekuwa akipita aliuliza, "Binti, huyo mdogo wako anaitwa nani?"

"Si mdogo wangu, ni dada yangu. Usimwone hivi. Ameniacha mbali."

Yule mtu aliwatazama wote wawili, akafunga kikapu chake, akaendelea na safari kwa haraka kidogo.

* * *

Robo ya saa ilipopita, kioo cha mazungumzo kilichokuwa ukutani kilimulika, na ndani yake wakatokea Torunn na mumewe Halvard, wakiwa wamekaa sebuleni kwao kaskazini mwa Norwei. Hawa ndio walioandikwa kumpokea Leokadia. Walikuwa wamemwona kwa jumla ya saa kumi na moja. Katika miaka ya kungoja walijifunza Kiswahili, na kwa kuwa mwalimu wao alikuwa Mpemba, Halvard, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alizoea kuitikia kila salamu kwa alhamdulillahi.

"Shikamoo, Mama Skolastika," alisema Torunn.

"Marahaba, mwanangu. Baba, hali ya huko?"

"Alhamdulillahi, Mama. Ndevu tu ndizo zilizopauka."

"Nimeziona. Umefanana na nabii."

Walicheka, na Eulalia akamleta Leokadia mbele ya kioo. Mtoto aliona ndevu nyeupe, akazinyooshea mkono. Halvard alisogeza uso mpaka ukajaza kioo kizima. Mama Skolastika aliwaacha dakika tatu, akizihesabu, kwa sababu alijua kwamba baada ya hapo hakutakuwa na kicheko.

Kisha akawasomea barua.

Torunn hakulia. Alihesabu kwa vidole, kama mwanafunzi. "Nina miaka arobaini na tisa. Sheria ya kwetu, mtoto mchanga hapewi mtu aliyepita hamsini. Kwa hiyo…"

"Kwa hiyo si wenu tena. Akirudi kulala leo, ataamka miaka saba ijayo kwa watu wengine, ambao huenda hivi sasa wako shuleni. Akibaki macho, jina lake linafutwa kwenye foleni, naye atakuwa mtoto wa hapa. Njia zote mbili ninawanyang'anya." Mama Skolastika alinyoosha mgongo. "Sina ruhusa ya kuwauliza, lakini nisipowauliza sitaweza kusali jioni. Mliomba mtoto mchanga. Kwa ajili hiyo tumemlaza miaka kumi na miwili. Mnasemaje?"

Halvard alimtazama mkewe, kisha akasema polepole, "Mama, sisi hatukuomba alale."

"Karatasi yenu inasema mtoto chini ya mwaka mmoja."

"Mwaka ule wa kwanza, naam. Ofisi ya kwetu ilituuliza, tukajibu, tulikuwa hatujui kitu. Mwaka wa tatu tuliandika kwamba akikua si neno. Tulijibiwa kwamba ninyi huko ndiyo desturi yenu, kuwalaza. Tukaona si adabu kuuliza zaidi."

"Desturi yetu!" Mama Skolastika alikaa, jambo ambalo hakulifanya mbele ya wageni. "Sisi tuliambiwa ndiyo desturi yenu, kupokea walio wachanga tu. Nasi tukaona si adabu kuuliza."

Pampu za susu ziliendelea kuvuma. Kisha Torunn akaanza kucheka, kicheko chenye machozi, na Leokadia, ambaye hakuelewa lolote, alicheka naye kwa sauti.

"Kwa adabu," alisema Torunn. "Miaka kumi na miwili, kwa adabu tu!"

* * *

Katika ile saa moja zilibaki dakika sita. Mbano alikuwa amesimama kando ya susu namba saba, kofia mkononi, akitoka jasho katika baridi ya Agosti.

"Mama, wewe ukikataa sahihi, mimi nina amri. Nikikataa amri, nina watoto watano na mke anayependa kula. Nisaidie."

Mama Skolastika alimwendea taratibu. Alikuwa mwanamke mfupi, naye alilazimika kunyanyuka kwa ncha za viatu. Aliishika ile kamba nyeusi, akaivusha juu ya kichwa cha fundi, akautia ufunguo wa shaba katika mfuko wa aproni yake, akafunga kifungo.

"Mateka wa babu yangu," alisema, "nimeuteka ufunguo wako."

Mbano alipapasa shingo yake tupu.

"Mama, huo ni ufunguo wa serikali."

"Ulikuwa shingoni mwa Mngoni. Kilicho shingoni mwa Mngoni ni changu. Au umekasirika?"

"Mimi? Nikasirike?" Fundi alianza kutetemeka mabega, na kicheko kikamtoka kwa nguvu hata susu za karibu zikalia kwa mwangwi. "Mngoni hakasiriki kwa Mhehe! Wataniimbia mpaka Songea! Sema unataka nini, niukomboe."

"Jogoo. Mwekundu, mwenye sauti. Nitakuambia siku ya kumleta. Eulalia!"

"Abee, Bibi!"

"Lete uji."

Eulalia alikwenda jikoni, na safari hii miguu yote miwili ilikuwa hewani muda wote, wala hakukemewa. Alirudi na kikombe cha uji wa ulezi na kijiko kidogo, akataka kulisha, lakini Mama Skolastika alikizuia kijiko.

"Hapana. Sahihi zote ni zangu, na kijiko hiki ni changu. Wewe utampa cha pili."

Alimpakata mtoto. Aliona usoni mwa Leokadia kila kitu ambacho sasa kitakuja: meno, surua, darasa la kwanza, hasira, kuzeeka. Akapeleka kijiko. Leokadia aliuonja uji, akakunja uso kwa ghadhabu kuu, akautema wote juu ya aproni.

"Ni pacha wangu!" alipiga kelele Eulalia. "Mnaona? Ni pacha wangu kabisa!"

Cha pili kilimezwa. Huko Norwei watu wawili wazima walishangilia kama mpira umeingia wavuni.

Ilipobaki kuandika taarifa, Mbano alikuna kichwa. "Tuseme mtambo uliharibika. Nitatoa waya mmoja, nani atajua?"

"Mimi nitajua," alisema Mama Skolastika. "Na mtoto huyu hataanza kukua juu ya uongo." Akaandika, kwa mwandiko ule ule: *Mimi, Skolastika Kikoti, nimekataa kumrudisha mtoto namba saba. Fundi alikuwa tayari kutii, lakini nilikuwa nimeuteka ufunguo wake kwa utani, na kwa desturi hakuweza kuudai kwa hasira. Mtoto amekula vijiko tisa vya uji. Cha kwanza nilimpa mimi.*

"Na sisi, Mama?" aliuliza Torunn kutoka ukutani. "Sisi tuko foleni gani sasa?"

Mama Skolastika alifikiri. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amejaza fomu za watoto kutoka nchini. Hakuwa amewahi kutazama fomu ya mtu mzima kuingia.

"Viza ya mgeni," alisema Mbano, aliyekuwa na shemeji uhamiaji, "hutoka baada ya siku nne."

* * *

Walifika siku ya sita, wakiwa na masanduku mawili na kitanda cha mtoto ambacho Halvard alikichonga miaka kumi na miwili iliyopita. Walipanga nyumba chini ya kilima, karibu na kisima. Kitanda kile kilimtosha Leokadia. Eulalia alikijaribu, miguu ikatokeza nje mpaka magotini, na Halvard akaenda kutafuta mbao nyingine bila kuambiwa.

Jibu la Dodoma lilikuja baada ya majuma matatu. Mama Skolastika alilisoma akiwa amesimama, kisha akalisoma tena kwa sauti. Ofisi ilikuwa imepokea taarifa yake; kosa lake lilikuwa zito; shauri lake litasikilizwa kwa zamu. Muda wa kungojea ulikuwa miaka minane na nusu.

"Nitakuwa nimestaafu," alisema, akaiweka barua ile katika jalada kwa uangalifu, chini kabisa.

Siku hiyohiyo Mbano aliitwa, akaleta jogoo. Alikuwa mwekundu na mwenye sauti, kama ilivyoagizwa. Fundi alimtekenya Leokadia kidevuni kwa kidole, na ghafla akaruka akipiga yowe.

"Ameniuma! Ana jino!"

Eulalia alikuja mbio, akafunua mdomo wa dada yake, akaliona: jeupe, dogo kama punje ya mchele. Alipiga goti palepale kwenye vumbi. "Hongera, dada. Shikamoo."

"Wahehe wameanza tena kuwauma Wangoni," alisema Mama Skolastika. Akafungua kifungo cha aproni, akamrudishia fundi ufunguo wake. Mbano aliuvaa, lakini macho yake yalikuwa yameelekea kwenye madirisha ya ukumbi, ambamo vitone arobaini vya kijani viliwaka na kuzimika kwa zamu.

"Kesho ni Siku ya Jua ya namba nane," alisema.

"Ninajua. Wazazi wake wako Ubelgiji. Nimewaandikia kuwauliza jambo moja, bila adabu yoyote. Wamejibu jana."

Mbano hakuuliza walijibu nini. Asubuhi yake alipiga hodi mapema kuliko kawaida, akatukana ukoo mzima wa Kikoti kuanzia mlangoni, akaingia. Ile kamba nyeusi haikuwa shingoni. Alikuwa ameushika ufunguo katika kiganja kilicho wazi, mkono ameunyoosha mbele kama mtu anayembebea mwingine kitu chake.